Mji upi wa mandhari uende, upi urudi: ninavyopanga likizo ya siku tano

Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka. Kwenye karatasi zinaonekana nyingi. Toa harusi ya binamu, toa arobaini ya shangazi, toa wiki ya kwenda kuwasalimia wazee kijijini, toa siku mbili za kumfukuzia fundi bomba, zinabaki tano. Hizo tano ndizo zangu, na kwa miaka mingi nilizitumia vibaya kwa kufuata picha za watu kwenye simu. Picha ilipigwa Januari, saa 12 asubuhi, kwa droni. Mimi nimefika Aprili, saa 8 mchana, na begi mgongoni.

Siku hizi nina daftari. Kabla sijakata tiketi, mji unapita kwenye maswali yafuatayo. Nayaandika kama mtu anayeanzia Dar es Salaam, maana ndiko ninakoishi. Ukiwa Nairobi au Bujumbura badilisha umbali tu.

Hatua ya 1: Hesabu siku za kusimama mjini

Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Basi linakula siku nzima na kipande cha siku ya pili, na kurudi ni hivyohivyo. Katika siku tano unabaki na moja na nusu, nusu yake umelala kwa uchovu. Bagamoyo ni kama kilomita 70: unakunywa chai kwako, unatembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo na magofu ya Kaole, jioni uko nyumbani. Kanuni yangu ni kwamba siku za kiti cha basi zikizidi siku za kusimama, mji huo unasubiri mwaka mwingine, au nauli ya ndege.

Msamaha nautoa kwa njia ambayo yenyewe ni mandhari. Lushoto ni mfano mzuri. Kutoka Mombo barabara inapanda Usambara kwa kilomita kama 33, kona juu ya kona, na ukifika juu unakuta baridi ambayo hukuifungashia sweta. Muulize konda bonde litakuwa upande gani, kisha ukakae huko. Mimi humwachia mke wangu dirisha, halafu njia nzima natazama bega lake.

Hatua ya 2: Mji unatazama wapi?

Swali hili sijawahi kumsikia mtu akiuliza, na ndilo limeniokoa mara nyingi kuliko mengine yote. Fungua ramani ya simu. Angalia maji yako upande gani wa mji, kisha jiulize: jua litazama majini, au nyuma ya nyumba?

Mji Mkongwe wa Zanzibar unatazama magharibi. Ukikaa Forodhani jioni, jua linashuka baharini mbele ya macho yako na majahazi yanapita katikati ya mwanga. Kigoma na Bujumbura pia zinatazama magharibi, ila kule jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na milima inabaki kama imekatwa kwa mkasi. Mwanza jua linaangukia upande wa ghuba. Kisumu ukienda ufukwe wa Dunga utaliona vilevile.

Sasa geuza. Mji wa Lamu unatazama kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Mji wa Kale wa Mombasa unatazama mashariki. Bukoba pia, na hata Dar yenyewe. Hii ni miji ya alfajiri, uzuri wake unataka mtu wa kuamka. Rafiki yangu mmoja alikwenda Lamu kupiga picha za machweo kutoka gatini, akakuta jua linazama nyuma ya mapaa ya nyumba. Alirudi akiusema vibaya mji wa watu bure, wakati angekodi dau saa 11 jioni akatoka nalo mlangoni mwa bahari, jua angelipata. Kama hujawahi kuamka saa 11 alfajiri bila kengele, usiutoe mji wa mashariki kwenye orodha, ila jua kwamba nusu ya mali yake utailalia.

Na kwa vile tuko karibu na ikweta, jioni haina mchezo. Zanzibar jua linatua kati ya kama saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 mwaka mzima, na giza linafuata upesi. Kigoma, kwa kuwa iko mbali magharibi na inatumia saa ileile ya taifa, jua linachelewa kwa kama dakika 40. Niligundua hilo nikiwa nimeshamaliza chakula cha jioni na nje bado kweupe.

Hatua ya 3: Mwezi gani, na maji gani

Hapa nina kisa cha aibu. Nilikwenda Moshi mwezi wa Aprili, katikati ya masika, kwa sababu ndipo bosi alipokubali. Nikalala kwenye loji moja iliyokuwa na vyumba vya bei mbili: vya kawaida, na vya "kuona mlima", tofauti shilingi 15,000 kwa usiku. Nikalipia mlima. Siku ya kwanza wingu. Siku ya pili wingu na manyunyu. Siku ya tatu nikamwita dada wa mapokezi mpaka dirishani.

"Dada, mlima uko wapi?"

"Pale, kaka," akanionyesha kwa kidole bila kusita, "nyuma ya lile wingu."

Mlima wa mita 5,895 nimeulipia shilingi 45,000 na sikuuona hata ukucha. Hakunidanganya mtu. Chumba kweli kilitazama Kilimanjaro.

Nilirudi Januari. Nikalala gesti ambayo dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na asubuhi nilipotoka kutafuta supu nikaukuta umekaa mweupe juu ya mapaa ya mabati, mkubwa kiasi kwamba nilisimama katikati ya njia bodaboda akanipigia honi. Ilipofika saa 4 mawingu yalikuwa yameshaanza kuufunika tena. Kwa hiyo kwenye daftari mbele ya Moshi nimeandika: *Januari au Februari, kabla ya saa 3, usilipie dirisha.*

Kwa miji ya pwani masika ya Machi hadi Mei ndiyo ya kuogopa. Vuli, Oktoba hadi Desemba, mara nyingi inanyesha na kuacha, unaweza kuvumilia. Lakini pwani kuna jambo la pili ambalo watu wa bara tunalisahau, nalo ni maji. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndiyo kwanza unaandama, bahari inakuwa ya bamvua: inajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu. Ufukwe uliouona kwenye picha ukiwa buluu unaweza kuukuta ni tope, mwani na wanawake wanaookota chaza, na maji yako mbali kama yamehama.

Mfano wa faida yake ni makachu wa Forodhani, wale vijana wanaokimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja akipinduka mara mbili hewani, mwingine akijitupa kama gunia makusudi watu wacheke. Wanataka maji yamejaa. Unguja siku za bamvua maji hujaa kama saa 10 alasiri, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Hesabu mwenyewe: siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa karibu na machweo. Hiyo ndiyo jioni ya kuwa Forodhani. Nilikwenda mara mbili bila kujua hesabu hii, na mara zote mbili nilikuta vijana wamekaa juu ya ukuta wanachati.

Hatua ya 4: Mtihani wa kiti

Mji wa mandhari unaonilipa ni ule ambao naweza kukaa bure, mahali pazuri, saa mbili, bila mtu kuniuliza naagiza nini. Kabla ya kwenda natafuta kiti hicho. Nikikikosa, nafuta mji.

Mombasa inafaulu vizuri kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanakimbilia fukwe za Nyali na Diani, wanaingia Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, kisha wanaondoka. Nenda Mama Ngina, pale kwenye mibuyu mikubwa juu ya mlango wa Kilindini. Nunua mihogo ya kukaanga. Muuzaji anaipasua kwa kisu, anapaka ndimu, anamwaga pilipili ya unga, anakufungia kwenye kipande cha gazeti au karatasi. Kaa. Baada ya muda meli ya makontena itaingia bandarini, karibu kiasi kwamba utahisi kama jengo la ghorofa linatembea mbele yako kimyakimya, na watoto watasimama kuhesabu makontena. Gharama yote ni mihogo na dafu.

Lamu kiti chake ni baraza. Nyumba nyingi zina mabaraza ya mawe nje ya mlango, na vichochoro ni vyembamba, magari hayapiti, ni punda na watu. Nilikaa kwenye baraza moja kumsubiri mwenzangu aliyeingia dukani. Mzee wa nyumba akatoka. Nikasimama haraka, nikijua nimekalia mlango wa mtu.

"Shikamoo mzee. Samahani."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa. Baraza hii si ya kutazamwa."

Akaketi upande wa pili na tukatazama punda wakipita na mifuko ya saruji kwa muda mrefu tu. Lamu iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na vitabu vitakueleza milango na matumbawe. Mimi nikiulizwa kwa nini nitarudi, ni baraza ile.

Mwanza kiti ni majabali, na mji mzima umejengwa juu yake. Watu wanapiga picha Jiwe la Bismarck wakiwa wamesimama, dakika tano, wanaondoka. Kaa kando ya ziwa karibu na kivuko cha Kamanga mpaka taa zianze kuwaka kwenye nyumba za vilimani. Mchana vilima vile vinaonekana ni vurugu ya mabati na mawe. Usiku vinageuka nyota.

Kuhusu malazi, hilo halina maneno mengi. Lala panapokuwezesha kufika kwenye kiti chako kwa miguu. Dirisha ni la kulala, si la kutazama.

Hatua ya 5: Siku ya pili utafanya nini?

Mji mzuri wa siku moja si mji mbaya, ila usiupangie siku tatu. Bagamoyo kwangu ni siku moja, na watu wa Bagamoyo wanisamehe.

Kilwa niliiogopa kwa sababu hii. Kilwa Masoko ni mji mdogo, kama kilomita 300 kusini mwa Dar, na nilidhani nitaona magofu asubuhi kisha nihesabu mbu. Kumbe. Siku ya kwanza unachukua kibali hapohapo Masoko, unavuka kwa dau hadi Kilwa Kisiwani, unakuta ngome ya Gereza imesimama ufukweni, msikiti mkuu wenye kuba, kisha unatembea hadi Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya genge la bahari. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji. Ukisimama pale na upepo wa kusi unavuma, unaelewa kwa nini sultani alichagua pale. Siku ya pili ni Songo Mnara, mbali zaidi, na watu ni wachache zaidi. Panga kibali siku moja kabla. Mimi nilifika Jumamosi nikamsubiri mwenye mhuri mpaka adhuhuri, upepo ukabadilika, tukarudi kwa kupiga makasia.

Hatua ya 6: Uliza, lakini usiulize "nione nini"

Ukimuuliza dereva wa bajaji "mji huu una nini cha kuona?", atakupeleka anakopeleka wageni. Uliza hivi: "Kaka, ukimaliza kazi jioni, ukitaka kupumzika, unakwenda wapi?" Tanga swali hilo lilinipeleka Raskazone, ambako kijana wa bajaji alizima injini akabaki nasi, akanunua karanga, akanionyesha bahari alikojifunzia kuogelea. Kabla ya hapo nilikuwa nimepewa Amboni tu. Mapango ya Amboni nayo ni mazuri, nendeni, lakini jioni ya Raskazone ndiyo iliyonifanya niandike Tanga kwa herufi kubwa. Watu husema *Tanga, waja leo waondoka leo*. Mimi nilikwenda kwa siku mbili nikakaa nne.

Ukivuka mpaka, uliza na habari za usalama kwa mtu aliyeko huko sasa hivi, si aliyekwenda mwaka juzi. Bukavu, na zile rasi zake zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole, iko kwenye daftari langu tangu zamani. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, nimeifuta kalamu nikaiandika kwa penseli.

Hatua ya 7: Kurudi au kutorudi

Hapa ndipo watu wanakosea zaidi, wanarudi mji kwa sababu walifurahi. Jiulize ulifurahia mji au ulifurahia watu uliokwenda nao. Kuna mji mmoja wa milimani nilirudi peke yangu nikagundua kwamba mara ya kwanza nilikuwa na wenzangu watatu wachekeshaji, na mji wenyewe una barabara moja na baridi.

Mimi narudi kwa moja ya sababu hizi. Ya kwanza, njia imebadilika. Morogoro zamani sikuiwekea hesabu, kwani kilomita 190 za foleni na malori zilikuwa zinakula siku. Treni ya reli mpya ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, safari ikawa chini ya saa mbili. Unashuka, milima ya Uluguru iko mbele yako imejaa ukungu, unapanda Morningside, unarudi kesho yake jioni. Mji haukubadilika kitu. Hesabu yake ndiyo imebadilika, na kwa hesabu hii mpya Morogoro imeipita miji mingine mingi mizuri kuliko yenyewe.

Ya pili, kuna kitu nilikiacha. Na hapa nina majuto. Mara ya kwanza Mji Mkongwe wa Zanzibar niliipita Beit al-Ajaib nikasema nitaingia safari nyingine. Jumba lile la Sultan Barghash, la 1883, lilikuwa mbele ya bahari kwa zaidi ya miaka 130, nani angeliharakia? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo kila mji nauandikia kilicho dhaifu: magofu yanayoliwa na bahari, nyumba ya zamani yenye nyufa, msitu unaokatwa. Hivyo ndivyo vya kuonwa kwanza. Bahari na mlima vitakungoja.

Ya tatu, mimi mwenyewe nimebadilika. Sasa nina mtoto wa miaka sita. Lamu, iliyokuwa ya kukaa barazani, kwake itakuwa ya punda. Mwanza itakuwa ya kupanda mawe na Saanane, kisiwa chenye wanyama, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Miji ileile, daftari jipya.

Kama hakuna hata sababu moja kati ya hizo, nautumia mji salamu na kwenda kwingine.

Ukurasa wa mwaka huu uko hivi. Tanga, siku nne, Septemba, na mtoto. Zanzibar, usiku mmoja tu, siku tatu baada ya mwezi mpevu, kwa ajili ya makachu. Kigoma nimeiandika tena chini kabisa, kama mwaka jana na mwaka juzi, na pembeni yake mke wangu ameongeza kwa mwandiko wake: *ndege, siyo basi.*